Pikipiki na Sikio la Mkaguzi

Kiswahili kiliipa pikipiki jina kwa kuigiza sauti yake. Hata tukutuku, neno ambalo kamusi zetu zimelihifadhi kwa chombo hicho hicho, lina asili ya namna hiyo: sikio lilisikia kwanza, ulimi ukafuata. Chombo chenye jina la namna hii hakingeweza kupita duniani bila mashitaka, maana penye sauti pana msikilizaji, na si kila msikilizaji hupenda alichosikilizishwa. Nataka kusimulia historia ya mashitaka hayo katika nchi moja tu, Uingereza, kwa kuwa huko ndiko nilikoshitakiwa mimi.

Mwaka 2012 nilikuwa mwanafunzi wa udaktari katika mji mmoja wa kaskazini ya nchi hiyo. Posho yangu haikutosha chakula na kodi ya nyumba, kwa hiyo nilishika kazi ya kusafisha ofisi, nayo ilianza saa kumi na moja alfajiri, kabla basi la kwanza halijatoka. Nilinunua pikipiki ya Kijapani, ya sentimita za ujazo 600, kwa mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akirejea kwao. Yeye, au mwenyewe wa kabla yake, alikuwa amelitoa bomba la moshi lililotoka nalo kiwandani, akaweka jingine la kununua, fupi, jepesi, lenye kung'aa kama sinia la harusi. Sauti yake ilikuwa nene. Nakiri kwamba niliipenda. Mtu anayeamka usiku kwenda kufagia ofisi za watu wengine hufarijika akisikika.

Sheria ya Uingereza inataka kila pikipiki iliyotimiza miaka 3 ikaguliwe mara moja kwa mwaka, na isiyo na cheti haina ruhusa ya kutembea barabarani isipokuwa kwa safari ya kwenda kwenye ukaguzi wenyewe, au kwenye matengenezo yake. Wenyeji huuita ukaguzi huu kwa herufi tatu, MOT, nazo ni herufi za jina la zamani la Wizara ya Uchukuzi. Wizara ilikwisha badilishwa jina miaka mingi iliyopita; herufi zikabaki, kama jina la marehemu linavyobaki katika shamba alilolilima.

Cheti nilichorithi kilipokaribia kwisha, niliipeleka pikipiki kwenye gereji iliyokuwa karibu. Mkaguzi alikuwa mzee wa makamo, mchache wa maneno. Alijaribu breki, akazungusha magurudumu, akapima mnyororo kwa kidole, akatazama taa na matairi, akaushika usukani na kuugeuza huku na huku. Kila alipomaliza jambo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akapiga goti nyuma ya pikipiki, akatoa kitambaa mfukoni, akafuta masizi kwenye mtungi wa bomba la moshi, akamulika kwa tochi. Alikaa hapo kwa muda kama msomaji wa maandishi ya kaburini.

“Bwana,” alisema alipoinuka, “pikipiki yako ni nzima. Maneno haya ndiyo mabovu.”

Nikainama nikasoma. Chuma kilikuwa kimechorwa maneno machache yenye maana ya kwamba kifaa hicho hakikukusudiwa kutumiwa barabarani. Nilikuwa nimekipanda miezi 7 bila kuyaona. Akaniandikia karatasi ya kukataliwa, ile iitwayo VT30, akanieleza kwamba nikirudi katika siku 10 za kazi, ukaguzi wa pili ungekuwa wa sehemu tu. Nilikwenda zangu kwa miguu. Mimi niliyekuwa nikisomea lugha, nilikuwa nimeshindwa na sentensi moja.

Kwa tabia ya kazi yangu nilitaka kujua sentensi ile ilitoka wapi, nani aliiandika, na kwa nini ilikuwa na nguvu kuliko sauti yenyewe. Maana jambo lililonishangaza zaidi ni hili: mkaguzi alikuwa bado hajaiwasha injini.

Ili msomaji aelewe shauri hili, yampasa kwanza kujua kelele ya pikipiki huzaliwaje. Kila mlipuko ndani ya silinda huacha hewa yenye joto na shinikizo kubwa. Vali ya kutolea ikifunguka, hewa hiyo hutoka kwa kishindo, na kishindo hurudiwa maelfu ya mara kwa dakika. Ekzosi tupu isiyo na kitu ndani ni baragumu. Mtungi unaofungwa mwishoni mwake, ambao mafundi wetu huuita sailensa, hufanya kazi kwa njia mbili. Ama huipitisha hewa katika vyumba vilivyotengwa kwa sahani za chuma, mawimbi ya sauti yakagongana na kupunguzana nguvu. Ama huipitisha katika mrija uliotobolewa matundu mengi na kuzungushiwa nyuzi za kioo, sauti ikanywewa kama maji katika mchanga. Njia ya kwanza ni nzito na hubana hewa. Njia ya pili ni nyepesi na huachia, lakini nyuzi huungua na kulika, na mtungi uliokuwa mpole unapokuwa mpya huwa mkali baada ya miaka michache bila ya mtu kuugusa. Nadhani langu lilikuwa la aina hiyo.

Kutokana na umbile hili waendeshaji walipata imani iliyodumu zaidi ya miaka 100, kwamba kila kinyamazishwacho kimeibiwa nguvu. Imani hiyo ina ukweli nusu, nao ndio unaoiponza, kwani ukweli nusu ni mgumu kuukanusha kuliko uongo mzima.

Mahali pa kwanza imani hiyo ilipopelekwa mbele ya majirani palikuwa Brooklands. Mwaka 1907 Hugh Locke King alifungua katika ardhi yake karibu na Weybridge, katika Surrey, uwanja wa duara wa kushindania magari, nao huhesabiwa kuwa wa kwanza duniani kujengwa makusudi kwa kazi hiyo. Mwezi Juni mwaka huo huo Selwyn Edge aliendesha gari humo kwa saa 24 mfululizo, usiku na mchana, kwa mwendo wa wastani uliopita maili 65 kwa saa. Weybridge ulikuwa mtaa wa watu wenye nafasi, waliohama London ili wapate utulivu, na utulivu waliokwisha ulipia hawakuwa tayari kuupoteza. Walilalamika, na mashindano ya usiku yakakoma. Hata ilipofika 1929, watu walipotaka tena shindano la saa 24, ilibidi waligawe katika siku mbili za saa 12 kila moja, na magari yakafungiwa usiku kucha katikati.

Malalamiko hayakuishia kwenye usiku. Katika miaka ya 1920 wakazi walikwenda mahakamani, na tokeo la kesi lilikuwa kwamba kila gari na kila pikipiki ya mashindano katika Brooklands ilazimike kufungwa sailensa ya umbo lililowekwa kwa sheria ya uwanja: mtungi mkubwa wa kutanulia hewa, na mwisho wake mdomo uliobanwa kama mkia wa samaki. Sasa tazama mzaha wa historia. Mtungi ule uliotungwa ili kuwatia adabu washindani uligeuka pambo. Vijana waliuona kwenye mashine za mashujaa wao, wakautaka kwenye zao. Viwanda vikaanza kutengeneza mikia ya samaki kwa pikipiki za barabarani, na Velocette waliendelea nayo mpaka walipofunga kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hivyo kifaa cha kwanza cha adhabu kikawa kifaa cha kwanza cha urembo.

Nikiwa hapa sina budi kumtaja Hiram Percy Maxim, ingawa alikuwa Mmarekani. Mtu huyu alipata hataza ya sailensa ya bunduki mwaka 1909, na kampuni yake baadaye ikaelekea kwenye kunyamazisha injini. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki iliyobeba jina lake, na wazee wetu waliiita bunduki ya namna hiyo bombomu, tena kwa sauti yake. Wapiganaji wa Maji Maji walizikabili bunduki za jinsi hiyo huko Mahenge mwaka 1905. Baba aliijaza dunia mlio, mwana akafanya biashara ya kuuzima.

Turudi Uingereza. Mwaka 1960 mambo mawili yalitokea ambayo mtu angedhani yamepangwa pamoja, nayo hayakupangwa. La kwanza ni ukaguzi wenyewe. Ernest Marples, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, aliuanzisha tarehe 12 Septemba mwaka huo kwa nguvu ya Sheria ya Barabara ya mwaka 1956. Mwanzo ulikuwa wa hiari, ukawa wa lazima Februari 1961, nao uliyahusu magari yaliyotimiza miaka 10. Yalikaguliwa breki, taa na usukani, basi. Magari mengi mno yalishindwa, hata kabla ya mwaka 1961 kwisha umri ukashushwa kutoka miaka 10 hadi 7, na mwaka 1967 ukashuka hadi 3. Ukaguzi ulizaliwa na hofu ya kifo, na katika hofu hiyo kelele haikuwa na nafasi. Kelele haiui mtu njiani.

La pili ni kelele yenyewe. Mwaka 1959 mfanya biashara mmoja aitwaye John Connell aliunda jumuiya ya kupinga kelele, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Kupunguza Kelele. Mwaka huo huo serikali ikateua kamati chini ya Sir Alan Wilson ichunguze tatizo la kelele kwa jumla. Kwa hiyo ubovu wa gari na sauti ya gari viliingia serikalini kwa milango miwili, vikakaa katika vyumba viwili, na ilichukua miaka 17 kabla havijakutana.

Kamati ya Wilson ilitoa taarifa yake mwaka 1963, nayo ni kazi ya heshima. Ilitambua kwamba katika London kelele inayowaudhi watu kuliko zote ni ya magari ya barabarani, tena haikutosheka na kusikia malalamiko. Wataalamu waliwaweka watu kando ya njia, wakapitisha magari, wakawauliza kila mmoja aliionaje sauti aliyosikia, kisha wakalinganisha majibu hayo na alichosema mtambo wa kupimia. Huo ulikuwa mkutano wa kwanza wa heshima baina ya sikio na kipimo. Ilionekana kwamba vyaafikiana kwa kadiri ya kutosha, hata kipimo kinaweza kutumwa mahali ambapo sikio haliwezi kwenda, yaani katika kitabu cha sheria.

Yafaa kukumbuka ni nani walioitwa wenye kelele katika miaka hiyo. Walikuwa vijana wa viwandani, wenye mshahara wa kwanza mfukoni, waliokusanyika katika mikahawa ya kando ya barabara kama Ace Cafe, iliyofunguliwa 1938 kwenye barabara ya mzunguko ya kaskazini ya London. Walivua vifuniko, wakashusha usukani, wakabadilisha mabomba. Sailensa ya BSA Gold Star ilipendwa kwa sababu mwendeshaji akiachia mafuta ilitoa mlio wa kuchirizika kama ndege, na wako wazee leo wanaoweza kuuigiza kwa midomo yao. Magazeti yaliwaandika vijana hao kwa chuki iliyopita kiasi cha kosa lao. Lori la mkaa lilipiga kelele vile vile, ila lori lilikuwa na shughuli. Nasema hivi bila ya kuwatakasa, maana mtu mgonjwa aliyeamshwa na Gold Star usiku hakupungukiwa na maumivu kwa kuwa aliyemwamsha ni maskini.

Miongoni mwa wale waliowauzia mabomba alikuwako Paul Dunstall wa London, naye alifanya jambo la akili: aliuza sailensa za badala akazipa jina la Decibel, kipimo chenyewe cha sauti. Adui alikwisha geuzwa chapa ya biashara.

Na desibeli ni adui wa ajabu, haihesabiki kama shilingi. Sauti ikiongezeka kwa desibeli 3, nishati yake imekuwa maradufu. Ikiongezeka kwa 10, nishati imekuwa mara 10, ingawa sikio huiona kama imeongezeka maradufu tu. Kanuni za mwaka 1968 ziliweka mipaka ya desibeli kwa magari na pikipiki za Uingereza. Mwaka 1978 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo lake kwa pikipiki, nalo liliruhusu desibeli 78 kwa zilizo ndogo kabisa na 86 kwa zile zilizopita sentimita za ujazo 500. Baadaye kikomo cha pikipiki mpya zilizozidi sentimita 175 kikashushwa hadi 80. Kutoka 86 hadi 80 huonekana kuwa hatua fupi. Kwa hesabu ya nishati ni kutoka nne hadi moja.

Lakini kipimo kina masharti kuliko bibi harusi. Pikipiki yatakiwa ipite katika uwanja ulio wazi, ikiongezwa mafuta mpaka mwisho kwa urefu wa mita 20, na maikrofoni isimamishwe mita 7.5 kutoka mstari wa katikati. Ukuta usiwe karibu, upepo usivume sana, wala makelele mengine yasiingilie. Kiwanda kinaweza kuyatimiza haya. Askari aliyesimama kichochoroni saa sita usiku hawezi. Mwenye gereji ya ukaguzi, iliyo na mabati juu na kuta pande tatu, hawezi pia. Basi sheria ilikuwa na namba nzuri ambayo hapana mtu njiani aliyeweza kuisoma.

Mwaka 1977 ekzosi iliingizwa hatimaye katika orodha ya mambo yanayokaguliwa, pamoja na honi, vifuta kioo na hali ya bodi. Wizara ilitambua kwamba haiwezi kumpa kila mkaguzi uwanja na maikrofoni, ikamwachia kile alichozaliwa nacho. Kanuni aliyopewa, kwa maneno yangu, ni kwamba aikatae pikipiki ambayo mlio wake umezidi kwa kiasi kisicho cha haki ule wa pikipiki ya jinsi hiyo yenye sailensa ya kawaida iliyo katika hali ya wastani. Wanasheria huweza kuicheka kanuni hii. Kawaida ni ipi? Wastani ni upi? Mimi siicheki. Inamtaka mkaguzi awe na kumbukumbu. Awe amesikiliza mashine nyingi kwa miaka mingi, aibebe kichwani sauti ya kila moja kama mwimbaji anavyobeba bahari za mashairi, na ajue ya leo imepotoka kwa kiasi gani. Hiyo ni elimu, ingawa haina cheti.

Wenye duka hawakuiogopa, kwa kuwa iliwahukumu wanunuzi. Kijana alinunua bomba kwa fedha yake halali, katika duka halali, kisha akatozwa faini kwa kulifunga. Hapo ndipo Bunge lilipoelekeza macho kwa muuzaji. Sheria ya Kelele ya Pikipiki ya mwaka 1987 ilikataza kuuza au kutoa sailensa na ekzosi za pikipiki zisizolingana na kanuni zitakazowekwa. Ni sheria fupi, na ni ya haki. Kanuni zilizokusudiwa kuipa meno zilitoka mwaka 1995. Kwa miaka 8 ilikaa vitabuni kama simba aliyechorwa ukutani.

Kanuni zilipotoka zilifanya jambo ambalo kipimo kilishindwa kulifanya: zilihamisha hukumu kutoka katika hewa zikaiweka juu ya chuma. Sailensa ya badala ilipasa kupimwa huko huko kiwandani, kisha ipigwe alama, ama ya kiwango cha Kiingereza, BS AU 193, ama ile herufi ya e au E yenye namba ya nchi iliyoidhinisha, ambayo msomaji anaweza kuiona leo kwenye vioo vya taa za magari mengi hata ya kwetu. 1 ni Ujerumani, 3 ni Italia, 11 ni Uingereza. Mkaguzi hakuhitaji tena uwanja. Alihitaji tochi na kitambaa.

Lakini mashindano hayakupigwa marufuku, na mshindani ana haki ya kununua bomba lake. Kwa hiyo kifaa kisichofaa barabarani kiliweza kuuzwa, maadamu kimeandikwa kwamba hakifai. Huo ndio ukoo wa sentensi iliyonikamata. Iliwekwa ili imwonye mnunuzi, ikawa wakili wa muuzaji. Watu waliotengeneza bomba langu walijua vyema kwamba wengi wa watakaolinunua hawajapata kuona uwanja wa mashindano katika maisha yao. Walilichora maneno hayo kwa herufi ndogo, upande wa ndani, mahali pa kufichwa na masizi, wakapokea fedha. Mwenye duka aliyasoma akanyamaza. Aliyeniuzia mimi huenda aliyasoma akanyamaza. Wa kwanza kuyasoma kwa sauti alikuwa yule mzee wa gereji, miaka mingi baada ya fedha kuliwa.

Siku ile nilipokataliwa, mtu mmoja aliyekuwa akingojea gari lake alinifuata nje akaninong'oneza kwamba jiwe la kunolea lingemaliza shauri kwa dakika mbili. Maneno yakifutwa, alisema, mkaguzi hubaki na sikio tu, na sikio huweza kubishaniwa. Alisema kweli kuhusu sheria. Nililifikiri shauri lake usiku huo, wala sitajifanya mwema kuliko nilivyo. Kilichonizuia ni kwamba kazi yangu yenyewe ni kusoma yaliyofutwa. Nimekaa miaka juu ya miswada ya hati za Kiarabu, nikitafuta chini ya wino mpya neno ambalo mkono fulani ulilikwangua, na najua kwamba mkwaruzo huonekana kuliko neno. Mzee yule angepiga goti, angemulika tochi, angeona chuma kinang'aa mahali pasipostahili, naye alikwisha ona maandishi kwa macho yake.

Basi nikatafuta sailensa ya asili. Niliipata katika uwanja wa vyuma chakavu nje ya mji, yenye kutu, nzito kama mtungi wa maji, kwa pauni 40, nazo zilikuwa chakula changu cha wiki mbili. Bolti moja iliyoshika bomba la zamani ilikatikia ndani, ikabidi itobolewe. Gasketi mpya ilichelewa kufika. Kwa siku 8 nilikwenda kazini kwa miguu, nikitoka saa tisa na nusu usiku, maili 4 kwenda na 4 kurudi. Katika mwendo huo niligundua kitu ambacho nilikuwa sikijui: mji ule usiku haukuwa mtupu. Madirisha mengi yalikuwa na taa. Nilisikia kikohozi cha mtu, redio iliyowekwa chini, mtoto akilia na kubembelezwa kwa wimbo nisioujua. Nilikuwa nimepita mbele ya madirisha hayo kwa miezi 7, sikusikia lolote.

Nilirudi gereji siku ya 9. Mzee alipiga goti akatafuta alama ya kiwanda, akaiona. Kisha akaiwasha injini, akaivuta mafuta kidogo, akageuza uso akatazama ukuta, shingo imeinama upande, kama mwalimu wa chuo anayemsikiliza mtoto akisoma juzuu ambayo yeye mwalimu ameihifadhi tangu utotoni. Hakuwa akisoma chochote sasa. Alikuwa akilinganisha. Akazima, akaniandikia cheti.

Tangu hapo mengine yameongezeka. Mei 2018 Uingereza ilibadilisha namna ya kuhukumu, kila kosa likapangwa kuwa dogo, kubwa au la hatari. Oktoba 2022 Wizara ya Uchukuzi ilianza kujaribu kamera zenye maikrofoni, kwanza katika Bradford, kisha Bristol, Great Yarmouth na Birmingham: mtambo unasikia, unapiga picha ya namba, unahifadhi vyote viwili. Yawezekana kwamba kipimo kitapata hatimaye kusimama njiani, mahali kilipotamani kuwako tangu 1968. Sikio la jirani litapumzika, na sikio la mkaguzi pengine litastaafu. Sitalifurahia hilo la pili, maana mtambo utajua pikipiki imezidi desibeli ngapi lakini hautajua kama nyuzi zake zimeungua au mwenyewe amezitoa.

Katika nyumba niliyopanga, chini yangu alikaa mwanamke aliyekuwa na mtoto mchanga. Tulikuwa tukisalimiana ngazini kwa adabu na ufupi, kama ilivyo desturi ya huko. Hakuwahi kunilalamikia hata siku moja. Wiki tatu baada ya kupata cheti nilikutana naye mlangoni asubuhi, mimi natoka kazini, yeye anamtoa mtoto kwenye kigari chake. Alinitazama kwa mshangao, akaniomba radhi, akasema kuwa alidhani nimehama.